Nauli Iliyogeuka Mshahara

Kiwandani walimwita Spana, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa fundi wa cherehani. Kiwanda kilishona sare za shule na makoti ya wauguzi, na kilikuwa na cherehani themanini na mbili. Moja ikikwama, mshonaji aliinua mkono, na Spana alikuja na mfuko wake wa vifaa. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifungua kifuniko, akatazama, akauliza. Ilianza lini kulia hivi? Ulikuwa unashona kitambaa gani? Wenzake walisema maswali yake hayana mwisho. Lakini mashine ikitoka mikononi mwake, imepona.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mumewe seremala, na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Alipapasa kuta akienda msalani, lakini masikio yake yalikuwa makali na mdomo wake haukuwa na breki. Daktari alikwisha kumpangia siku ya upasuaji. Gharama yake walikuwa wameidunduliza miaka miwili, na sasa ilikuwa imetimia.

Mwaka mmoja nyuma, kiwanda kilikuwa kimehamia nje ya mji. Wafanyakazi walinung'unika kwa umbali, na mwenye kiwanda akaamua kuwalipia nauli. Kila Jumatatu mhasibu aligawa bahasha. Mtu alitia sahihi, akaondoka. Bahasha ya Spana ilikuwa nene kuliko za wenzake, na si kwa upendeleo. Sehemu ya kudarizi nembo ilibaki katika jengo la zamani, mjini. Mara tatu au nne kwa wiki Spana alitumwa huko kutengeneza mashine, kisha akarudi kiwandani. Nauli ya safari hizo nayo iliingia katika bahasha ileile. Hata yeye, mtu wa maswali, hapo hakuuliza kitu.

Ndipo siku moja akakuta barua yake imelala mapokezi ya kiwanda. Ilitoka idara ya kodi. Ilisema kwamba nauli aliyolipwa na mwajiri kwa mwaka mzima ni sehemu ya mapato yake, na kwamba kodi ya mapato hayo haikukatwa. Sasa alitakiwa kuilipa, pamoja na faini ya kuchelewa. Kiasi kilichoandikwa kilikaribia gharama yote ya upasuaji.

Wenzake nao walipata barua, ila zao zilikuwa na kiasi kidogo. Mshonaji mmoja alisema huu ni wizi wa mchana kweupe. Akaichana yake vipande vipande na kuitupa kwenye pipa la mabaki ya vitambaa.

Spana aliingiwa na hofu, hilo halifichiki. Lakini mshangao ulikuwa mkubwa zaidi. Nauli hakuila. Aliipokea Jumatatu, na kufikia Jumamosi ilikuwa imekwisha njiani. Kitu ambacho hakikulala mfukoni mwake kinawezaje kuitwa mapato? Njia nzima ya kurudi nyumbani alilifikiria swali hilo.

Mumewe aliposikia, alikuna kichwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba barua iwekwe kabatini kwanza. Watu wa kodi wana kazi nyingi, huenda wakasahau. Kutoka chumba cha pili mama mkwe akakohoa.

"Mimi ndiye kipofu humu ndani, si nyinyi," alisema. "Nisomee hiyo barua, mwanangu. Yote, mpaka chini kabisa."

Spana akasoma. Alipofika chini kabisa alikuta mistari miwili ya herufi ndogo ambayo hakuiona mwanzo. Ilisema kwamba asiyekubaliana na kiasi hicho anaweza kuleta pingamizi kwa maandishi, pamoja na vielelezo, ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Akatazama tarehe. Barua ilikuwa imelala mapokezi siku kumi na moja.

Mama mkwe alisema kwamba, ikibidi, upasuaji usubiri. Ukungu wa macho alikwisha kuuzoea. Mume wa Spana aliinamisha kichwa. Spana aliikunja barua, lakini hakuiweka kabatini. Aliitia katika mfuko wake wa vifaa.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa jirani yao. Mtaani walimwita Bibi Karani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mishahara katika shirika la maji, kisha akastaafu. Spana alimkuta akipaka rangi fremu ya dirisha lake. Walisalimiana, wakaulizana hali ya nyumbani, kisha Bibi Karani akafuta mikono na kuisoma barua mara mbili, polepole.

"Nani alichagua nyumba unayoishi?" aliuliza.

"Sisi wenyewe, Bibi."

"Mwajiri wako alikutuma ukae hapo?"

"Hapana. Hata hapajui."

"Basi safari ya kutoka kwako mpaka mlango wa kazini ni shauri lako mwenyewe. Sheria za kodi katika nchi nyingi zinaiona hivyo. Ni kama viatu unavyovaa kwenda kazini. Mwajiri akikununulia viatu, amekuondolea gharama iliyokuwa yako. Machoni pa kodi, ni sawa na kukuongezea mshahara."

Spana alichukua brashi ya pili bila kuombwa, akaanza kupaka upande wa chini. Mikono yake ilifikiri vizuri ikiwa na kazi. Aliuliza mbona basi kodi haikukatwa tangu mwanzo. Bibi Karani alimweleza kwamba hilo lilikuwa jukumu la mwajiri. Kila anacholipwa mfanyakazi kinatakiwa kuonekana kwenye hati ya mshahara, na kodi ikatwe humo humo, kidogo kidogo. Bahasha za pembeni huonekana tamu, lakini ndizo huzaa barua kama hii.

Spana alichovya brashi yake kwenye rangi, kisha akauliza.

"Na mwajiri akinituma? Niko kazini tayari, ananiambia nenda jengo la zamani, mashine imekufa."

"Hiyo ni safari ya kikazi. Hapo unafanya shauri lake, si lako. Nauli anayokupa ni ya kurudisha ulichotumia. Kwa kawaida haihesabiwi kuwa mapato, mradi uweze kuthibitisha kwamba ulikwenda."

"Hata kama anailipa ndani ya bahasha ileile?"

Bibi Karani aliacha kupaka. "Bahasha ileile?"

Spana akamweleza yote. Bibi Karani akaketi juu ya ndoo ya rangi na kucheka kidogo, cheko la mtu aliyekuta sindano aliyoitafuta nyumba nzima. Alisema sasa anaelewa kwa nini kiasi cha Spana ni kikubwa kuliko cha wenzake. Safari za aina mbili zimefungwa furushi moja, na furushi zima limepigwa kodi. Akauliza kama kuna ushahidi wowote.

Ushahidi ulikuwepo. Kila alipotengeneza mashine, Spana alijaza kadi ya matengenezo: tarehe, saa, namba ya mashine, ubovu wake, na sahihi ya msimamizi wa sehemu ile. Nakala ya kila kadi alibaki nayo. Hakuna aliyemwagiza azitunze. Alitaka tu kujua mashine ipi inaharibika mara nyingi, na kwa nini.

Bibi Karani alimpa maagizo matatu. Kwanza, azipange kadi kwa tarehe. Pili, mhasibu aandike barua ya kuthibitisha safari zile. Tatu, aende mwenyewe idara ya kodi kabla siku hazijaisha, na aulize sheria ya hapa inasemaje. "Mimi nimestaafu, na kila nchi ina sheria yake, nayo hubadilika," alisema. "Usichukue neno langu kama hukumu. Na kuandika pingamizi si kugombana na serikali. Ni kusema: tuhesabu pamoja upya."

Jumapili nzima meza ya chakula ilijaa kadi. Mumewe, aliyekuwa bado na aibu ya lile wazo la kabati, alisoma tarehe na Spana akaandika. Kadi zilikuwa mia moja hamsini na nane. Mama mkwe aliketi karibu akiuliza kila mara, hiyo nayo ilikuwa na ubovu gani, mpaka akajua tofauti ya mkanda uliokatika na sindano iliyopinda.

Jumatatu Spana alimwendea mhasibu. Mwanzoni mhasibu alijitetea. Alisema yeye alifuata agizo, na nauli ni nauli. Spana hakupandisha sauti. Aliweka rundo la kadi mezani na kumwomba amwonyeshe safari ya jengo la zamani imeandikwa wapi katika daftari lake. Mhasibu alifungua kurasa, akafungua tena. Kulikuwa na safu moja tu, na juu yake neno moja: nauli.

"Nimekosea, dada," alisema hatimaye. "Nilidhani nawarahisishia."

Barua ya kuthibitisha aliiandika siku ileile, na mwenye kiwanda akatia sahihi. Siku tisa kabla ya muda kwisha, Spana alisimama mbele ya dirisha la maulizo la idara ya kodi. Alitarajia kukuta mtu mkali. Alikuta mwanamke mwenye mafua aliyepokea pingamizi lake la maandishi na nakala za kadi moja moja, akaligonga mhuri pingamizi, na kumrudishia nakala yake yenye mhuri huo. Alimwambia aitunze, maana ndiyo inayoonyesha kwamba pingamizi limefika kwa wakati. Spana, kwa kuwa alikuwa amefika, aliuliza jambo jingine. Je, mwajiri akileta basi la kuwachukua wote badala ya kuwapa fedha mkononi, inakuwaje? Ofisa alimjibu kwamba kwa sheria yao, basi la wafanyakazi wote halihesabiwi kuwa mapato ya mtu mmoja mmoja. Akampa karatasi yenye maelezo hayo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Safari za kikazi zimeondolewa katika hesabu. Nauli ya nyumbani na kazini imebaki, na kodi yake ni halali. Kiasi kilichobaki kilikuwa kama nusu ya kile cha kwanza, na Spana aliruhusiwa kukilipa kwa miezi sita. Faini aliilipa mwenye kiwanda, kwa kuwa kosa la kutokukata kodi lilikuwa la ofisi yake. Yule mshonaji aliyechana barua alifuatilia nakala mpya. Faini yake nayo ililipwa, ila yeye alikuwa na safari mbili zaidi za kwenda idarani.

Upasuaji wa mama mkwe ulifanyika siku ileile iliyopangwa. Walipomfungua bandeji ya jicho la kwanza, alitazama ukuta wa sebule kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyechagua rangi ile, na kwa nini hakuna aliyemwambia.

Kiwandani bahasha za Jumatatu zilikoma. Mwenye kiwanda alisoma ile karatasi ya ofisa, akapiga hesabu zake, akakodi basi. Kwenye hati ya mshahara ya Spana ulionekana mstari mpya: safari za kikazi, idadi, na tarehe zake.

Mchana mmoja, saa ya mapumziko, washonaji watano walimzunguka, kila mmoja na hati yake ya mshahara mkononi. Miaka yote walikuwa wakitazama namba ya chini tu. Sasa walitaka kujua na zile za juu. Spana aliwaeleza mstari baada ya mstari, mpaka mmoja akaweka kidole kwenye posho ya chakula na kuuliza kama nayo inakatwa kodi.

Spana aliitazama kwa makini.

"Sijui," alisema. "Njooni twende kwa mhasibu, tukamuulize."

Wakainuka wote sita, wakiwa na hati zao.