Ini la Shemasi Éphraïm

Kila asubuhi mimi ndiye ninayewasha mbabula, jiko letu la makaa. Kwetu Kikula, mwanaume akitoka nyumbani na njaa, watu wanamcheka mama yake. Basi donge la bukari, yaani ugali, la mwanangu Éphraïm nililitengeneza kwa bakuli kubwa. Asubuhi donge, jioni donge. Tumbo lake lilikua, nami nilifurahi.

Éphraïm anapima magunia ya mawe ya madini kule mgodini Kamatanda. Anakaa kwenye kiti kutwa. Alikuwa anaenda kwa moto, yaani pikipiki, na kurudi kwa moto. Jioni anazunguka nyumba za watu kuwaombea, kwa maana yeye ni shemasi kanisani. Na kwetu shemasi hapewi maji matupu. Anafunguliwa chupa ya sucré, soda baridi na tamu. Ukikataa chupa, ni kama umemkataa na mwenye nyumba. Nyumba nne, chupa nne.

Mwaka jana akaanza kuchoka ovyo. Akaenda hospitali peke yake, wakampiga picha ya tumbo. Majibu hakutuambia.

Siku ya tatu Orpa, mke wake, alikuta karatasi ya hospitali ndani ya mfuko wa Biblia. Orpa anasoma Kifaransa. Jicho lake lilishika neno moja tu: foie. Yaani ini. Akaketi chini.

"Mama," akaniambia, "bwana yangu anakunywaka pombe."

"Éphraïm? Hapana!"

"Foie njo ugonjwa ya balevi. Ku Kamatanda bachimbaji banakunywaka pombe ya lutuku kila siku. Minye siwezi kukaa na muntu analewa muchana, anaomba mangaribi."

Akaanza kutia nguo zake ndani ya gunia. Alitaka kurudi kwao Mulungwishi.

Hapo Éphraïm akaingia. Aliona karatasi, akaona gunia.

"Orpa, hata tone moja sijaonja! Nilijua bantu batasema vile. Njo mana nilificha."

"Na ile chupa nilikuta mu mufuko ya koti yako?"

"Dawa ya mizizi. Muuzaji mu soko alisema inasafishaka foie."

Nikaichukua chupa ile, nikanusa. Pombe haikuwamo. Lakini ukali wake ulinipanda mpaka machoni.

"Orpa, acha nguo kwanza," nikasema. "Twende kwa Rosalie."

Rosalie ni jirani yetu. Ni muuguzi katika kituo cha afya. Yeye aliisoma karatasi yote, mpaka chini.

"Orpa, ulisoma neno moya, ukafunga gunia," akasema. "Hapa banaandika mafuta iliingia mu foie. Pombe inaweza kuleta ile mafuta, ndiyo. Lakini bantu mingi banaipata bila kulewa. Sukari mingi, chakula mingi, tumbo kubwa, kukaa bila kutembea. Chakula inapita kazi ya mwili. Ile inabaki inageuka mafuta, na ingine foie inaiweka."

"Lakini hainiume," Éphraïm akasema.

"Njo ubaya yake, tata. Inanyamaza. Ukiiacha miaka mingi, foie inaweza kupata makovu na kukauka. Leo, mafuta ingali inaweza kutoka."

"Kwa hii dawa?"

"Hapana! Mizizi ingine inaumizaka foie zaidi. Usikunywe tena. Kintu ya kwanza, acha sucré. Bukari, nusu. Mboga mingi, kunde, samaki. Mafuta ya kupika, kijiko, haina kumwaga. Kila siku utembee nusu saa. Pombe, endelea kuikimbia. Na usijifungie njaa, kilo ishuke polepole. Kesho tutapima sukari ya damu na tension, ile presha."

Nikauliza, "Na bakuli yangu?"

"Kaku, ile bakuli njo mulevi wa ile nyumba."

Tukacheka. Orpa alikaza uso, lakini bega lake lilitikisika.

Jioni ile tulikwenda sote kuomba kwa mama Mado, mwimbaji wa kanisa. Baada ya amina, akaleta chupa, akaifungua. Éphraïm aliitazama. Akinyamaza, itambidi ainywe. Akisema, Kikula yote itasikia neno foie. Akamtazama Orpa.

"Mama Mado, aksanti. Unipe mayi tu. Niko na mafuta mu foie."



"Foie?" mama Mado akasema. "Eh, shemasi! Ulianza lini kulewa?"

"Niliyolewa ni sucré yenu, mama! Kila nyumba chupa, miaka saba!"

Mama Mado alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaleta maji. Akatazama chupa iliyofunguliwa, akatazama tumbo lake mwenyewe.

"Na minye, nani atanipima?"

"Rosalie eko ku kituo ya afya kesho asubuhi," Orpa akajibu. Alisema kwa sauti, kila mtu asikie. Usiku ule gunia la nguo lilifunguliwa.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza Éphraïm alinuna kila akiona sahani. Lakini hakurudi nyuma. Moto anaiacha kwenye barabara kubwa, anamaliza kwa miguu, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Shemasi wenzake walimcheka, sasa wawili wanatembea naye. Katika nyumba za maombi, maji ndiyo yanatangulia.

Baada ya miezi sita alikuwa ametoka kilo tisini na nane mpaka tisini. Picha mpya ilionyesha mafuta yamepungua sana. Daktari akamwambia aendelee hivyo hivyo, asidhani amemaliza. Orpa alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa mumewe kwa msumari wa moto. Lile gunia sasa analibebea matembele kutoka sokoni.

Mimi bakuli kubwa nimeipa kazi ya kuoshea mboga. Bukari naitengeneza kwa kikombe cha chai.

Jana Éphraïm alisukuma sahani mbele yangu. "Mama, kikombe moya tena."

"Bukari imeisha, tata. Mboga njo iko."

Akachungulia sufuria, akaona bukari imebaki. Akanitazama. Kisha akachukua mboga.