Vidonge vya Fundi Saa

"Usinisogelee!"

Mwokaji aliganda mlangoni, mikono bado ameinyoosha. Alikuwa ametoka tanurini moja kwa moja, aproni haijavuliwa, nyusi nyeupe kwa unga utadhani ajuza. Mchumba wake, Fundi Saa, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota kabati la saa mbovu.

"Kwani nina ukoma?"

"Kaoge kwanza, mpenzi."

"Kila siku nikaoge! Huyo mwenzangu yeye anaoga na nini, marashi?"

"Mwenzako gani?"

Mwokaji alinyakua simu ya Fundi mezani akasoma kwa sauti: "'Umemeza leo? Kama hujawa tayari kumwambia, sawa, ila usiruke hata siku moja.' Umeze nini? Uniambie nini?"

"Huyo ni nesi."

"Wa ugonjwa gani?"

Fundi aligeukia ukutani, akajifanya anasikiliza saa zilizokwisha kupona.

"Basi vile vidonge ulivyoficha nyuma ya redio ninavyo mimi, tangu Jumatatu," Mwokaji alisema. " Nilisema moyoni utaviulizia mwenyewe, ndipo useme ukweli."

"Ni wewe? Nimepekua nyumba nzi..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimkata. Kifua kikaanza kupiga mluzi, mabega yakipanda na kushuka, midomo ikageuka rangi ya majivu.

Mwokaji akili zilimruka. Alimkumbatia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akachomoa vidonge kwenye pochi.

"Meza! Meza basi, baba!"

Fundi alitikisa kichwa, kidole kikionyesha droo. Sauti hana. Mwokaji akapiga ile namba ya meseji.

"Sista, Fundi anakufa! Hapumui, na kidonge hamezi!"

"Kidonge hakiokoi saa hii. Tafuta kichupa cha kupulizia mdomoni."

"Kipo droo... nimekipata!"

"Apulize akiwa amekaa, asilale. Wewe ni nani?"

"Mchumba wake. Nimemshika."

"Yule mwokaji? Una unga?"

Alijitazama. "Mwili mzima."

"Muachie! Fungua dirisha, usimame mbali. Gari la wagonjwa linakuja."

Akasimama nje ya kizingiti, akimwona mtu wake anaivuta hewa kama anayevuta gunia zito, naye haruhusiwi hata kumfuta jasho. Hajawahi kuogopa vile, hata siku alipomzika mume wake wa kwanza.

Hospitalini nesi alimkuta kwenye benchi la nje.

"Anapumua vizuri sasa. Sikiliza, mama. Ana pumu ya mzio, na mzio wake ni unga. Akiuvuta, mwilini kuna kimeng'enya, kitu kidogo sana, kinaanza kazi ya kutengeneza sumu za kuvimbisha njia za hewa. Kile kidonge kinakizuia kimeng'enya kisifanye kazi hiyo. Lakini ni cha kila siku. Ukikikatiza, uvimbe unarudi kimyakimya."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkatizia." Alijifuta nyusi, mkono ukarudi mweupe. "Na bado nikaja na unga wangu."

"Ulikuwa hujui. Kaoge, badili nguo, ndipo uingie."

Alirudi nywele zikichuruzika maji, amevaa gauni la kuazima linalomfika nusu ya miguu. Fundi alifumbua jicho moja.

"Umemnyang'anya nani hilo gauni?"

"Nyamaza! Kwa nini ulinificha?"

"Siku ya kwanza uliniambia umeshazika mume mmoja, humziki wa pili. Nikasema huyu akisikia mluzi wa kifua changu, anaondoka."

Mwokaji alilia mpaka mafua yakamshika.

"Kesho naacha mikate."

"Uache, uninunie maisha yote? Sitaki. Utaoga huko huko kazini, nguo za tanuri zilale huko. Mimi nitameza mbele yako."

"Na ukibanwa tena?"

"Naweza kubanwa. Sikudanganyi tena."

Aliupima ule uso uliochoka. Hofu ilikuwa bado haijamtoka, na alijua haitaondoka. Kila kikohozi kitamwamsha mpaka uzeeni.

"Naogopa mno," alisema.

"Basi harusi tuiache?"

"Nani kasema? Sogea huko, nilale na mimi. Na ole wako uache kupumua."