Utando Chini ya Mumunye

Jorina alikuwa anasugua sufuria kwa majivu pale pampuni, wifi yake Moyna akaja mbio.

"Wifi, acha hiyo sufuria! Mbuzi wa mzee Torab kafa. Kanywa maji ya bwawa."

Bwawa lilikuwa limeota ngozi ya kijani tangu Ijumaa, likinuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Bibi afya alikuja akafunga kitambaa chekundu kwenye ngazi za kuogea: asioge mtu, wala kunawa uso. Kisha akawapa kazi. Jorina na Moyna wakashika kamba nene ya mabua ya mpunga, mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, wakaukokota utando ule wa kijani hadi pembeni, wakauzoa kwa vikapu.

"Kauzikeni mbali na nyumba," bibi afya alisema. "Una sumu."

Alipoondoka, Jorina alisonya. "Mbali wapi, na mgongo huu? Hii ni mbolea." Akaumwaga chini ya mumunye, nyuma ya chumba cha binti yake, Tuli.

Mama mkwe alikunja uso. "Umemhamisha jini mwenye maji bila kumwomba ruhusa. Sasa atakaa wapi?"

"Akae na mumunye, mama. Anisaidie kupalilia."

Kesho yake sakafu ya Tuli ililowa. Mtoto alijikuna shingo hadi ikachubuka, akasema kuna msichana chini ya kitanda anauliza njia ya kurudi kwao. Adhuhuri, wenzake wamejinyoosha, Jorina alisikia maji yakipiga chubwi, chubwi, ndani ya chumba kisicho na hata ndoo, akanusa uvundo ule ule, akazifuata nyayo ndogo mbichi, jozi mbili zikienda sambamba, zikapita mumunye, zikapita kitambaa chekundu, hadi akamwona Tuli amezama kiunoni, anacheka na mtu asiyeonekana, naye akajitosa na nguo zake, akamkamata nywele, akamvuta.

Alasiri ile aliuzoa utando wote peke yake, akauzika ng'ambo ya mashamba, mama mkwe akisoma dua hadi sauti ikamkauka.

Baada ya magharibi akapakua wali na dengu. Akahesabu: mume wake, mama mkwe, Moyna, Tuli. Wote wapo.

"Mama!" Sauti ya Tuli ililia kutoka bwawani. "Mama, njoo unitoe! Nasikia baridi!"

Jorina akainuka nusu. Pale mkekani, Tuli aliacha kutafuna, akamshika upindo wa sari kwa mkono unaodondoka maji.

"Usiende," alisema taratibu. "Tumeshatimia."