Siku Feza Alipomkana Mama Yake

Kila Jumamosi Feza na mama yake, Hawa, walitoka shambani na vitunga vya mihogo kichwani, wakaelekea soko la Kasongo. Kwenye mlima Mama Hawa alisimama mara tatu au nne, mkono kifuani, akihema.

"Tangulia, mwanangu. Nimechoka tu," alisema.

Jumamosi moja walikutana na Léocadie na wasichana wengine wa darasa la Feza. Mama Hawa alikuwa ameketi kando ya njia.

"Yule mama mvivu ni nani?" Léocadie aliuliza.

Feza alitazama chini. "Simjui."

Mama yake alisikia. Alijitwika kitunga, akapiga hatua chache, kisha akaanguka.

Mwendesha pikipiki aliwakimbiza hospitalini. Daktari Christophe aliuliza kama mgonjwa aliwahi kuumwa kifua.

"Hapana, Munganga," alijibu Iliasi, baba yake Feza, aliyeitwa kutoka shambani. "Iko na miaka thelathini na ine tu. Haugui."

Mama Hawa, aliyekwisha kuzinduka, aligeukia ukuta. Feza alihisi uso unamwaka. Akisema, baba atajua yote.

"Baba, anaumwa," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu mwaka jana anashika kifua kila akipanda mlima. Nilimwonea haya. Leo nimesema simjui."

Baba alimtazama. Feza alitamani ardhi immeze.

"Umenisaidia," daktari alisema. "Maumivu yanayokuja wakati wa kupanda yanaweza kutoka moyoni. Lazima apimwe Kinshasa."

Huko waligundua kwamba mshipa mmoja unaolisha moyo damu ulikuwa umeota mahali pasipo pake tangu alipozaliwa. Kasoro hiyo ni nadra, na wengine huijua wakiwa watu wazima. Alipewa dawa, akakatazwa mizigo mizito.

Wakati mama hayupo, Feza alimwambia Léocadie ukweli.

Mama aliporudi, Feza hakuweza kumtazama usoni. "Nisamehe, Mama."

"Neno lile liliniuma kuliko kifua," Mama Hawa alisema. "Nimekusamehe. Na mimi nilikosa, nilificha maumivu kwa kuogopa kuitwa mvivu. Magonjwa mengine hayaonekani, Feza. Ukimwona mtu ameketi njiani, usimcheke. Muulize anaumwa wapi, halafu kaa naye."

Feza akaketi karibu naye, akalia.