Jadida Bila Suud

Soko la Chake, Pemba, lilikuwa limefurika, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya Ramadhani. Zuweina, kwenye baibui jeusi na mtandio wa zambarau, alikuwa akinusa jimbi la kupikia futari aliposikia sauti nyuma yake.

"Bado unanusa kila kitu kabla ya kununua?"

Jimbi likamdondoka. Aligeuka. Mvi, kitambi kidogo, na kofia ile ile iliyovaliwa upande.

"Suud wa Jadida! Kumbe bado upo?"

"Nipo. Mume hajambo?"

"Alifariki, mwaka wa nne huu. Mkeo?"

"Tuliachana zamani. Nipe namba yako, Zuweina."

Akampa, kisha akajilaumu njia nzima mpaka nyumbani Tibirinzi.

Miaka ishirini na mbili nyuma, Suud alikuwa wake. Alikuwa pia wa timu ya magongo ya Jadida, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Timu ile ilikuwa na watu kumi na mmoja, lakini walioibeba walikuwa watatu tu: Hamdan nyuma, Suud katikati, Talal mbele. Wanane waliobaki hawakuwa wabovu. Wakiwaona hao watatu uwanjani walikimbia kama simba. Akikosekana mmoja, magongo yaliwalemea mikononi. Zuweina alikuwa akiwatazama kutoka ukutani, anamung'unya ubuyu. Mpaka leo ladha ya ubuyu humrudisha pale.

Mwaka ule fainali ya Unguja ikasogezwa, ikaangukia Ijumaa ya nikaha yao. Suud akapanda boti, akamwachia ami yake Mmanga, mdogo wa babake, uwakili wa kumpokelea ndoa. Sheria inaruhusu. Shehe alipomfuata Zuweina chumbani kuomba idhini yake, alijibiwa neno moja: "Sitaki." Suud akarudi na kombe, mke hana.

Jioni ya siku ile ya sokoni simu ikalia.

"Uliichukia timu yangu, habibti."

"Nani kakwambia? Mimi nilijua kabla yako kwamba bila wewe watafungwa. Ungekuja ukaniambia mwenyewe, tungeoana Jumapili."



"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Ami yako?"

"Miaka yote hiyo, Zuweina!"

"Miaka yote hiyo, mjinga wangu."

"Basi nije kuposa?"

"Njoo. Lakini siolewi na wakili."

Nikaha ikapangwa Ijumaa ya mwanzo baada ya Idi, baada ya sala ya alasiri. Na alasiri hiyo hiyo, maveterani wa Jadida walikuwa wanacheza na wa Unguja, uwanja wa Gombani. Zuweina alipopata habari, hina ikiwa bado mbichi mikononi, moyo ulimlipuka. Akatega sikio mlangoni. Sebuleni simu ya Suud ililia, na sauti ya Talal ikasikika nyumba nzima.

"Suud, wee! Uko wapi? Katikati hapana mtu, tutafungwa!"

"Fungweni," Suud akasema, akaizima.

Shehe akaingia chumbani na mashahidi wawili.

"Bi Zuweina, unaridhia..."

"Naridhia!"

"Ngoja nimalize, mwanangu."

Magharibi matokeo yakafika. Suud, kanzu yake mpya ikinukia udi, aliangalia sakafu.

"Matano," akasema.

"Matano? Maskini Hamdan!" Zuweina akamshika mkono. "Mnarudiana lini?"

"Jumapili."

"Utacheza. Mimi nakuja na ubuyu wangu."