Mrusha Gololi

Jumamosi moja ya Juni 2011, baridi ikiwa bado haijaachia soko la Nsungwi, mikono miwili ilishika kitambaa kimoja cha kijani juu ya meza ya muuzaji.

Mkono mmoja ulikuwa wa Arlette, fundi wa nguo kutoka Bukavu, mwenye miaka ishirini na sita. Aliishi na mama yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kila mwezi alikuja Area 25, mtaa wa Lilongwe wenye soko hilo, kutafuta vitambaa. Siku hiyo alikuwa amefunga kitenge cha rangi ya machungwa na kuvaa sweta jeusi lililomkaa vizuri kuliko alivyojua. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Arlette aliviona vidole vyake kabla ya uso: virefu, safi, vimetulia.

"Mi njo nimeshika wa kwanza," alisema.

"Najua. Lakini we unaweza kushona kitambaa chochote. Mi nahitaji hii ya kijani, na kushona sijui."

"Nani amekuambia mi ni fundi?"

"Uko na pini tatu kwenye sweta."

Arlette akacheka, akakiachia. Mwanamume hakuondoka. Alitoa mfukoni karatasi yenye mchoro: vyumba thelathini na sita, safu tatu, vingine vyekundu, vingine vyeusi, na kimoja cha kijani kichwani.

"Unaweza kunishonea hii? Naitwa Cishahayo. Nilifundishaka hesabu kule Dzaleka, miaka ine."

"Mwalimu," Arlette alisema, na jina likabaki hilo.

Nyumba moja ya kamari mjini ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia meza ya ruleti, kamari ya gurudumu la namba. Cishahayo alitaka kufanyia mazoezi chumbani kwake. Hilo hakulisema pale sokoni.

Kazi ilichukua siku tisa. Alipokuja kambini kuichukua, Arlette alikitandika kitambaa barazani, na Cishahayo akaazima vifungo kwenye kopo lake.

"Angalia, fundi. Kifungo katikati ya namba: unangojea hiyo moja tu. Ikitoka, unalipwa mara makumi tatu na tano. Ukiweka juu ya mstari, umeshika namba mbili: mara kumi na saba. Hapa kwenye kona, umeshika ine: mara munane. Huku pembeni ni nyekundu ao nyeusi, unapata sawa na ulichoweka."

Arlette, aliyeshona kila mstari kwa mkono wake, hakuwa amejua kwamba hata juu ya mstari mtu anaweza kuweka dau. Alitazama vile vidole vikisogeza vifungo vyake vya kawaida, vya mashati na sketi, naye akahisi kama anaonyeshwa chumba ndani ya nyumba aliyodhani anaijua yote.

"Na hii yote ni ya nini?"

"Ni mtihani wa kazi."

Alidhani ni kazi ya kufundisha. Cishahayo aliona anavyodhani, akarudisha vifungo koponi bila kumsahihisha. Wiki mbili baadaye, Arlette alipomsimulia kwa simu jinsi baba yake, Gaspard, alivyokuwa akicheza kila Ijumaa kwenye gurudumu la namba kule Bukavu, mpaka cherehani ya mama ikauzwa, Cishahayo akazidi kuogopa kumwambia ukweli.

Walipigiana simu kila jioni.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula nsima."

"Na nini?"

"Na kukuwaza."

"Hiyo haishibishi, sheri. Tafuta maharagi."

Septemba, Louise, mwenzake wa kwaya aliyeuza mandazi Area 36, alimshika Arlette mkono nje ya kanisa. "Ule mwanaume yako, nimemuona anaingia kwenye nyumba ya kamari. Mara mbili. Amevaa kizibao kama mutu anajulikana pale."

Jioni hiyo simu ililia, Arlette akaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikawa hivyo wiki tatu. Alishona sare za shule, hakuimba, na mama yake, Vénérande, hakuuliza kitu.

Wiki ya nne alivaa gauni la buluu alilojishonea, akaenda mjini mchana kuona kwa macho yake.

Ukumbi ulikuwa na zulia lililomeza sauti ya viatu. Katikati, chini ya taa, palikuwa na gurudumu la mbao iliyong'aa kama maji, na nyuma yake Cishahayo, kizibao cheusi, mikono wazi juu ya meza. Hakuwa upande wa wachezaji.

Wachezaji waliweka vibao vyao, vile vidonge vya plastiki vya kuwekea dau. Alilisukuma gurudumu huku, akarusha gololi nyeupe kule, kinyume chake. Gololi ililia ukingoni kwa sauti nyembamba. Alipopitisha kiganja juu ya meza na kusema, "Rien ne va plus," yaani dau zimefungwa, hakuna mkono uliothubutu kusogea tena. Watu wazima, wenye saa za dhahabu, walisimama kama watoto mbele ya mvua ya mawe. Gololi ikaruka, ikagonga, ikatulia.

Arlette alinunua kibao kimoja, cha bei ndogo kabisa, akakiweka kwenye kona inayounganisha namba nne. Cishahayo aliutambua mkono kwanza. Uso wake haukubadilika. Alirusha. Ikaanguka kwenye sifuri, kile chumba cha kijani, naye akakifagia kibao chake pamoja na vya wengine wote, bila kumpendelea hata kwa jicho.

Saa ya mapumziko Arlette alimkuta Cishahayo nje kwenye ukuta.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa. Baba yako..."

"Baba yangu alikuwa anacheza. We unachezaka?"

"Hata siku moja. Mi naona kila siku namna bantu banabakia mikono mitupu."

"Ulinifanya nikulilie kama mufu, mwalimu."

"Nisamehe, fundi. Nataka nikuoe. Niko tayari kumuambia mama yako kazi yangu na mudomo yangu."

Jumapili Cishahayo alikwenda Dzaleka, koti mkononi. Alimweleza Mama Vénérande kila kitu, amesimama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo Arlette hakulitarajia.

"Mutu akicheza kila Ijumaa, miaka kumi na moja, akiwa na akili, anaweza kushinda?"

"Hapana, mama. Namba ziko makumi tatu na saba. Ukipata, banakulipa kama vile zilikuwa makumi tatu na sita. Ile moja ni ya nyumba. Leo unaweza kushinda. Miaka kumi na moja, hapana."

"Hata kama muke yake alimuangalia vibaya asubuhi?"

Cishahayo alielewa. Alikaa chini, akashusha sauti.

"Gurudumu haikukujua, mama."

"Gaspard alikuwa anasema mi njo mukosi yake," Mama Vénérande alisema. "Alikufa anasema vile. Na mi nilikubali." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Rudilia."

"Haikukujua, mama."

Arlette alikuwa amesimama mlangoni na sahani. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akilia, wala akinyoosha mabega namna ile.

"Arlette," mama aliita, "huyu mutu unamutaka?"

"Namutaka, mama."

"Basi mukaribishe vizuri. Leo anakula kwetu."