Mkuyu Nilioufuta

Jua lilikuwa linazama nilipofika ufukweni Luchelele kuchora picha ya ziwa. Nilikuwa nimefundisha tangu asubuhi, kisha nikamwogesha mama yangu ambaye hawezi tena kusimama. Macho yaliniwasha. Lakini mama Felicitas, mteja wangu wa Nyegezi, aliitaka picha Jumamosi, aitundike sebuleni.

Nikakaa juu ya jiwe, nikachora kwa penseli. Mawe. Maji. Mkuyu mkubwa kando yake. Nyuma ya mkuyu, nyumba ya Ndalahwa, fundi baiskeli, mwenyewe amesimama mlangoni. Mkewe, Queen, nikamweka jikoni nje, mtoto mgongoni.

Ndipo nikasikia harufu. Tope la chini kabisa ziwani... na majivu yaliyoloa.

Bibi mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Huo mti unaziba maji," akanong'ona. "Uondoe."

Ningekuwa na nguvu ningebisha. Lakini nilikuwa hoi, na kubishana na mtu mzima ni kazi. Nikachukua raba, nikaufuta mkuyu. Nilipogeuka, hakuwepo.

Kesho yake jioni nilirudi na rangi. Mkuyu haukuwepo. Si kisiki, si shimo. Nyasi tu, ndefu, kama zimeota pale miaka yote.

Ndalahwa alikuwa mlangoni anapangusa grisi mikononi. Nikamwuliza nani ameukata.

"Mkuyu gani, mwalimu?" Akanitazama kwa huruma. "Mimi nimezaliwa hapa hapa. Nenda ukalale, umechoka."

Nikarudi kwenye jiwe nikusanye vitu vyangu. Harufu ikaja tena.

"Na nyumba," sauti ikasema sikioni. "Iondoe."

"Hapana, bibi. Ina watu."

"Mkono wako umeshazoea."

Na kweli... raba ilikuwa vidoleni mwangu. Sikumbuki kuichukua.

Nikaitupa. Nikaichana ile karatasi kutoka kwenye daftari, nikaizungushia kwenye kokoto, nikairusha majini ili asiipate.

Halafu akacheka kidogo, kama mtu anayekohoa.

"Maji nayo yanafuta, mwanangu."

Niliingia ziwani na nguo zangu. Nilipapasa kwenye tope mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipoipata, nyumba ilikuwepo. Queen alikuwepo, na mtoto. Lakini mlangoni karatasi ilikuwa imechubuka, imebaki nyeupe.

Nikapanda mbio kwenda kwao. Queen alikuwa anasonga ugali.

"Ndalahwa yuko wapi?"

"Nani?"

"Mume wako, Queen."

Akaacha mwiko. "Mwalimu, mimi sijaolewa. Nani kakwambia?"

Mtoto aliyekuwa mgongoni kwake alikuwa ameukazia macho mlango mtupu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa. Nikamgeuza mama ubavu, nikamlisha uji, kisha nikaanika karatasi juu ya jiko. Ilipokauka, nikaanza kumrudisha Ndalahwa mlangoni. Miguu. Mabega. Mikono. Nilipofika usoni, penseli ikasimama.

Sikuukumbuka.

Mtu niliyezungumza naye jioni ile ile. Nilijaribu pua, nikaifuta kwa kidole. Nilijaribu macho, yakawa ya mtu mwingine. Usingizi ukanichukua nimekaa.

Alfajiri nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa Queen, amejifunga khanga moja, mtoto kifuani. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, kuna mwanaume amesimama mlangoni kwangu. Nimemsalimia mara tatu, haitikii."

"Ni nani?"

"Sijui." Akatazama nyuma. "Mtoto anamwita baba. Nimejaribu kumwangalia usoni, nimeshindwa. Njoo umwangalie wewe."

Nikachukua penseli na ile karatasi. Njia nzima nilijaribu kukumbuka hata nyusi zake tu.